Ningepanga Chumba

Siku kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliposhinda bahati nasibu, mteja mmoja alibaki kitini kanyolewa nusu kichwa. Simu iliita, kinyozi akaibana kati ya sikio na bega huku mashine ikinguruma mkononi, akasikiliza, akauliza "Mimi?", akasikiliza tena, akauliza, "Mimi huyu huyu?" Kisha akazima mashine, akavua koti lake jeupe, akalitundika kwenye msumari, akatoka. Mteja alikaa akijitazama kwenye kioo mpaka subira ikamwishia, akavuka barabara na taulo shingoni kwenda kumwomba Fundi ammalizie.

Fundi alikuwa fundi wa feni na pasi, si wa vichwa. Lakini mkasi alikuwa nao, na jirani ni jirani. Alimmalizia kadiri Mungu alivyomjalia, huku akisikiliza kisa chote, maana sauti ya simuni mteja aliisikia vizuri, na ndivyo alivyokuwa mtu wa kwanza mtaani kuzijua fedha zile na wa kwanza kuanza kuzitumia.

Maana zilitumika. Kabla kinyozi mwenyewe hajazitia mkononi, mtaa mzima ulikuwa umeshazitumia, ukazimaliza, ukaanza upya. Fundi viatu alizinunulia ng'ombe. Muuza mayai alimpeleka mama yake kutibiwa macho, akabakiwa na za kufungulia duka la jumla, na alipoulizwa nani sasa angeuza mayai alijibu kwamba hilo halikuwa tatizo lake tena. Watu wasiosalimiana walisimama kando ya barabara wakishauriana: mtu aanze kujenga au aanze na biashara? Wawili walikosana kabisa juu ya swali hilo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nauli ya kwenda mjini.

Katika mambo haya Fundi hakuwa mwanagenzi. Miaka na miaka, akizungusha waya wa shaba kwenye mota za watu, alikuwa akijenga nyumba kichwani. Ilikuwa ya ghorofa moja. Chini palikuwa na karakana yenye kioo mbele, feni zimepangwa zikizunguka zote kwa pamoja. Juu palikuwa na vyumba, kila mtu na chake. Alijua swichi zilikaa wapi. Aliwahi hata kumfukuza mwashi wa kufikirika kwa sababu ya ngazi zilizopinda, akamweka mwingine. Na kwenye baraza ya juu alimkalisha mkewe, kavaa gauni jipya, mikono mapajani, hana kazi yoyote.

Nyumba yenyewe, ile ya matofali na bati, ilikuwa na vyumba vitatu na sebule. Chumba cha mbele kilikuwa karakana. Sebuleni alilala mdogo wake Fundi, aliyeitwa Waziri kwa kuwa alikuwa na maoni juu ya kila jambo na hakuwahi kuonekana akifanya lolote. Chumba cha pili kilikuwa cha mama yao, Bi Mkubwa, ambaye alikigawana na mjukuu wake, binti wa Fundi, msusi wa nywele aliyerudi nyumbani na mapacha wake baada ya ndoa kumshinda. Kilichobaki kilikuwa cha Fundi na mkewe, na cha mota. Mota zilikuwa chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya mlango. Nyingine zilifika mpaka dirishani na kuziba nusu ya mwanga. Fundi alikuwa akiziweka akiba kwa ajili ya ile karakana ya kioo.

Jumamosi moja umeme ulikatika mchana. Fundi hakuwa na la kufanya, akatoa kiti nje, na mmoja mmoja wakamfuata mpaka familia nzima ikawa imekaa mlangoni. Ng'ambo, kibanda cha kinyozi kilikuwa kimefungwa. Mazungumzo yalikwenda yenyewe mahali yalipokuwa yakienda siku zote hizo.

"Mimi ningenunua greda," alisema Waziri.

"Greda la nini?"

"La kukodisha. Serikali itajenga barabara bila greda?"

"Unajua kuliendesha?"

"Kaka, mwenye greda haendeshi greda."

Binti alisema angefungua saluni yenye viti vya kuzunguka na maji ya moto. Bi Mkubwa alisema angetia meno. "Yote, ya juu na ya chini. Halafu nimtembelee dada yangu, nikae mbele yake, nicheke."

Walicheka, naye akacheka kwa ufizi. Fundi alikuwa ameshaeleza ghorofa lake, na hakuna aliyesikiliza kwa sababu wote walilijua hadi choo. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti akichagua mawe kwenye mchele.

"Na wewe, mama watoto?"

"Na mimi nini?"

"Wewe ungefanyia nini hizo pesa?"

Mkewe alipepeta ungo, akapuliza makapi. "Ningepanga chumba."

Waziri alidhani hakuelewa swali. "Shemeji, ni mamilioni hayo! Unanunua nyumba. Hupangi."

"Nyumba ya nini, nami nimekaa mlangoni mwa nyumba? Nimesema chumba."

"Cha biashara?" aliuliza binti.

"Cha kukaa."

"Ukae na nani?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Nikae mimi."

"Na mumeo?"

"Mume wangu ana nyumba yake, mama," alijibu, kwa adabu kabisa, akageuza ungo upande wa pili.

Walicheka tena. Fundi alicheka pia, cheko la mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni. Umeme ukarudi, kila mtu akanyanyuka.

Lile neno halikunyanyuka. Lilibaki na Fundi kama mlio mdogo ndani ya feni ambayo ukiifungua huoni kasoro. Mwanamke aliyekaa naye tangu ujana, aliyemzalia, aliyemuuguza homa ya matumbo, akipewa mamilioni ya kuwazia tu, ya bure, anachukua sahani yake na kuhama. Hakuomba dhahabu. Hakuomba hata gauni. Angeomba dhahabu, Fundi angejua la kujibu.

Alimweleza fundi viatu, akilifanya kama kisa cha mtu mwingine. Fundi viatu hakudanganyika.

"Mkeo huyo," alisema, misumari midogo ikiwa mdomoni. "Na mimi nakwambia, mwanamke hatafuti chumba, anatafuta kilicho nyuma ya chumba. Lisemwalo lipo."

"Anatoka kazini anakuja nyumbani. Wapi pengine?"

"Na kazini kuna nani?"

Kazini kulikuwa na shule ya msingi, na mkewe alikuwa mpishi wake. Siku ya pili yake Fundi alijifanya kapita kuangalia pampu ya maji ya shule. Jiko lilikuwa banda lililofunguka pande tatu. Mkewe alisimama mbele ya sufuria kubwa kuliko pipa, mwiko mkononi kama mtu anayepiga kasia, moshi ukimzunguka, mpishi mwenzake akimlalamikia habari za wifi yake, mwalimu wa zamu akiuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, na foleni ya watoto wakigonga sahani kwa vijiko. Hakuna mtu ambaye angeweza kuficha mpenzi mahali pale. Hapakuwa na pa kumweka. Mkewe alimwona, akamwinulia kidevu kumuuliza kuna nini. Fundi akamjibu kwa mkono kwamba hakuna kitu, akaondoka.

Basi akaanza kumwangalia nyumbani, kwa ukimya ule ule aliotumia kuangalia mashine mbovu kabla ya kuigusa. Mkewe alirudi alasiri. Kutoka kwenye kona ya barabara mpaka mlangoni alisimamishwa na watu watatu. Alipoingia, Bi Mkubwa alimwita kutoka chumbani kabla hajavua viatu. Mapacha walimrukia. Binti alimuuliza kichana kiko wapi, Waziri akamuuliza kama kuna chakula kilichobaki. Alipoingia bafuni, mmoja wa mapacha alikaa nje ya mlango wa bati akimwimbia.

Baadaye alikwenda kujilaza. Fundi, kutoka kwenye meza yake ya kazi, aliweza kuona mlango wa chumba chao. Binti aliingia akatoka na mafuta ya nywele. Waziri aliingia kuchaji simu. Pacha mmoja aliingia na kulia, akatolewa na mwenziwe, wote wawili wakarudi. Fundi alianza kukereka kwa niaba ya mkewe. Watu wa nyumba hii, alisema moyoni, hawana hata haya.

Wakati huo huo akagundua kuwa ile pasi iliyokuwa mezani ilihitaji waya mwembamba zaidi, na waya ule ulikuwa kwenye boksi chini ya kitanda. Akaenda. Alipopiga magoti pembeni ya kitanda, mkewe aliinua miguu kumpisha. Aliinua bila kufumbua macho, kama mtu anayefukuza nzi, na Fundi alipolivuta boksi akairudisha mahali pake.

Fundi alibaki amepiga magoti pale, waya mkononi. Kisha akatoka kwa kunyata, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote tena.

Kesho yake alifunga karakana mapema, akaenda kumngoja mkewe kwenye geti la shule. Alimpokea kikapu. Walitembea pamoja kwa upande wenye kivuli, na watu waliowaona walidhani kuna msiba.

"Nimekukosea nini?" aliuliza Fundi walipopita duka la saruji.

"Hujanikosea."

"Basi chumba cha nini?"

Mkewe alifikiri kwanza ni chumba gani. Kisha akakumbuka, akatabasamu kidogo. "Kumbe bado uko huko. Uliniuliza, nikajibu. Ulitaka niseme greda?"

"Nataka kujua. Ungekuwa nacho hicho chumba. Ungefanya nini humo?"

"Ningefunga mlango."

"Halafu?"

"Halafu ungekuwa umefungwa."

Kuna mahali walivuka mtaro, Fundi akampa mkono.

"Kwetu tulizaliwa tisa," alisema mkewe. "Nimelala katikati ya dada zangu mpaka siku niliyoolewa. Nikaolewa, nikakuta mama yako na wadogo zako wanne. Sisemi vibaya, walinipokea vizuri. Wakaondoka watatu, nikazaa watatu. Wakaondoka wote, akarudi mmoja na wawili wake. Mimi sijawahi kukaa ndani ya nyumba peke yangu hata siku moja, baba watoto. Siku nyingine nawaza, hivi nikiwa peke yangu mimi huwaje?"

Lilikuwa swali ambalo Fundi mwenyewe hakuwahi kujiuliza, maana kila siku alikuwa akikaa peke yake ndani ya ghorofa lake, hata watu wakiwa wamejaa karakana.

Jambo alilolifanya baada ya hapo lilishangaza watu, na kwa kweli yeye mwenyewe lilimshangaza. Aliwaza hivi: greda la Waziri, ng'ombe wa fundi viatu, ghorofa lake mwenyewe, yote yanangoja bahati nasibu nyingine. Hiki cha mkewe hakingoji chochote. Kinahitaji tu mwenye nyumba wa ng'ambo akubali, na kibanda cha kinyozi kilikuwa hakina mtu tangu siku ile. (Kinyozi alisikika yuko mji mwingine, kanunua gari, kalipa faini, kauza gari. Habari zake zilikuja vipande vipande, na kila kipande kilikuwa kidogo kuliko kile kilichotangulia.)

Fundi alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Zile mota zikatolewa chini ya kitanda, nyuma ya mlango, dirishani. Waziri alishika kichwa. "Kaka, hiyo ndiyo karakana yako!" Fundi aliona zinavyorushwa ndani ya mkokoteni na kusubiri moyo umuume. Ulimuuma kidogo, kwa ile moja ya Kijerumani, nzito, iliyokuwa bado inazunguka. Zilizobaki zilikwenda kama takataka zinavyokwenda.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa na vibanda vinne upande ule, alipokea kodi ya miezi mitatu bila kuuliza. Alidhani Fundi anapanua kazi. Waziri naye alidhani hivyo, akaanza kuvaa shati la mikono mirefu. Fundi aling'oa vioo vya kinyozi na picha za vichwa vilivyonyolewa, akapaka chokaa, akaweka kitasa kipya. Kisha akamfuata mkewe jikoni.

"Nini hiki?"

"Ufunguo."

"Naona ni ufunguo."

"Wa kule."

Mkewe aliangalia kupitia mlango wa mbele, ng'ambo ya barabara. Alikaa akiangalia hivyo mpaka sufuria ikafurika, akaiepua.

"Nani mwingine ana ufunguo wake?"

"Hakuna."

Mkewe alimtazama tu. Fundi akatia mkono mfuko wa suruali, akatoa wa pili, akauweka juu ya wa kwanza.

Hakumshukuru. Alizifunga funguo zote mbili kwenye pindo la nguo yake, akaendelea kupika. Lakini Jumamosi iliyofuata, baada ya kufua, alioga, akachukua mkeka na kikombe, akavuka barabara. Mlango ukafungwa. Ulisikika ukikomewa kwa ndani.

Nyumbani mambo yaliyumba. Bi Mkubwa alitangaza kwamba hajapata kuona, katika umri wake wote, mke akimhama mume kwa kuvuka barabara. Mapacha walisimama ukingoni wakiita "Bibiii" mpaka wakachoka. Fundi alipika, na wali wake ulikuwa na tabaka tatu: mbichi, ulioiva na ulioungua. Alitafuta bisibisi yake ya nyota nusu saa nzima, akiita jina la mkewe bila kujitambua, kisha akaikuta mfukoni.

Mtaani ndio usiseme. Kwamba Fundi kamtoa mke. Kwamba mke kamkimbia Fundi. Kwamba kuna dawa zinachemshwa humo ndani. Fundi viatu alisema yeye hasemi kitu, akakisema kwa kila aliyepita. Neno likasafiri mpaka kwa kaka wa mkewe, dereva wa malori, ambaye Jumapili moja aliegesha lori lake katikati ya nyumba na kibanda, akashuka, akasimama mbele ya meza ya Fundi bila kukaa.

"Shemeji," alisema. "Ulimtoa dada yetu kwetu kwa heshima. Kama umemchoka, mrudishe kwa heshima. Huwezi kumtupa kwenye kibanda cha kinyozi."

"Sijamtupa."

"Yuko wapi?"

Fundi alionyesha kwa bisibisi. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Kaka mtu alivuka, akagonga mlango kwa ngumi. Akagonga tena. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye alama za mkeka shavuni.

"Kaka! Habari za safari?"

"Nimeambiwa umefukuzwa."

"Nani kafukuzwa? Nimelala."

"Umelala hapa?"

"Nilikuwa nimelala. Mpaka ulipokuja."

Kaka mtu alichungulia ndani. Aliona kuta nyeupe, mkeka, kikombe. Aliangalia nyuma ya mlango. Alirudi kwenye lori lake akiwa na uso wa mtu aliyebeba mzigo umbali mrefu akaambiwa anwani siyo. Hata hivyo dada yake alimfuata nyumbani, akamwandalia chakula, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja. Jumapili ile hakurudi kibandani.

Hakuwa mpole juu ya chumba chake. Hilo Fundi hakulitazamia. Waziri aliomba awe analala humo siku za kazi, maana chumba kinakaa bure, akakataliwa. Binti aliomba aweke kiti kimoja tu cha kusukia. Akakataliwa, akalia, na hakubembelezwa. Mwanamke ambaye hakuwahi kumnyima mtu kitu alikuwa amejifunza neno hapana, na alilitumia kwa mkono mzito, kama mtu anavyotumia chombo kipya. Bi Mkubwa alinuna wiki mbili. Fundi, aliyedhani angalau yeye angekaribishwa siku moja aone chokaa yake inavyoendelea, hakukaribishwa.

Alikaa mezani kwake akiutazama ule mlango. Feni zilizunguka, pasi zilipata moto, na yeye akajikuta ameacha kujenga. Ghorofa lilisimama pale pale lilipofika, halina wapangaji. Akili yake yote ilikuwa ng'ambo. Anafanya nini? Anaimba? Anaomba? Anakaa upande gani? Alijaribu kumweka kwenye mkeka, akamweka dirishani, na kila alipomweka alihisi si penyewe.

Miezi mitatu ilipokwisha, mama mwenye nyumba alikuja na taarifa kwamba kapata mpangaji wa duka la dawa, mwenye kulipa mwaka mzima. Alisema pole. Mkewe Fundi alikunja mkeka, akarudisha funguo zote mbili, akavuka barabara na kikombe chake. Uso wake ulikuwa kama siku nyingine zote. Ni Fundi aliyefadhaika. Alizungumza habari za kuuza mashine yake ya kutobolea, za kukopa, za kujenga kijumba cha mabati uani.

"Usihangaike," alisema mkewe.

Akaamini kwamba yamekwisha. Hata ndani ya moyo wake, pembeni huko, palikuwa na mtu aliyeshusha pumzi.

Lakini Jumamosi moja mkewe alioga, akachukua mkoba, akatoka. Hakuvuka, alifuata barabara chini mpaka akapotea nyuma ya kiwanda cha matofali. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo. Fundi alimuuliza binti.

"Mama kapanga chumba," alisema binti, bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa akisuka. "Analipa kwa mshahara wake. Hukujua?"

Fundi alitafuta hasira, akaikuta ipo, lakini ndogo kuliko alivyotarajia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kile cha kwanza kilikuwa zawadi yake. Kila Jumamosi alipoona ule mlango umefungwa alijisifu kimoyomoyo kuwa ni yeye aliyeufunga. Huu wa sasa hakuujua hata rangi.

Ilipita miezi. Nyumbani walizoea, kama watu wanavyozoea pengo la jino lililong'oka. Waziri alipata kibarua cha kuongoza magari penye ujenzi wa barabara, kwa bahati njema au mbaya karibu kabisa na greda. Wali wa Fundi ukawa na tabaka mbili. Fundi viatu alipata mambo mengine ya kutosema.

Siku moja, akimmwagia maji mikononi kabla ya kula, mkewe alisema, "Kesho saa kumi, kama huna kazi, uje unitembelee."

"Nikutembelee wapi?"

"Kwangu."

Fundi alifunga karakana saa nane. Alioga, akavaa shati lililokuwa limekaa kwenye kabati tangu harusi ya binti. Alikwenda mpaka nyuma ya kiwanda cha matofali, akauliza, akaonyeshwa uani kwa watu, mlango wa mwisho, wa kijani. Alikuwa amenunua machungwa. Hakujua ashike mfuko mkono gani.

"Hodi," alisema.

"Nani?"

"Mimi."

"Subiri."

Akasubiri. Alisikia kiti kikisogezwa, maji yakimiminwa, kisha hatua za mkewe, ambazo alizijua na ambazo mahali pale zilikuwa za taratibu zaidi. Mlango ukafunguka.

Kilikuwa chumba kidogo kuliko kile cha kinyozi. Mlikuwa na kiti, kigoda, mkeka, chupa ya chai na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Fundi aliangalia huku na huku akitafuta kile ambacho chumba kilikuwa kwa ajili yake, na hakukiona. Mkewe alimpa kiti, yeye akakaa kwenye kigoda. Alimimina chai. Fundi alizungumza: habari za Waziri, za bei ya waya, za mteja aliyeleta pasi ikiwa na mende ndani. Mkewe alisikiliza kama mtu anavyosikiliza mgeni, akiitika panapostahili, wala hakuinuka hata mara moja kwenda kufanya kitu kingine. Mwishowe maneno yakamwishia Fundi, wakakaa.

"Nilipokuwa mdogo," alisema mkewe, "nilikuwa napanda ghalani kwetu, najificha nyuma ya magunia. Mama ananiita, ananiita. Nasikia jina langu vizuri kabisa, na siitiki. Halafu nikishuka napigwa."

"Hukuwahi kuniambia."

"Tungezungumza saa ngapi?"

Fundi alikunywa chai yake. Ilikuwa na sukari kidogo kuliko ya nyumbani, na akatambua kwamba hivi ndivyo mkewe alivyopenda chai. Alitaka kuuliza kama ataalikwa tena, akaona si adabu kwa mgeni kuuliza hivyo.

Mkewe alichukua kikombe chake, akakifunika kwenye sinia.

"Sasa nenda, baba watoto," alisema. "Mimi nitakuja jua likizama. Na upitie dukani, chumvi imekwisha."

Fundi aliaga, akatoka. Nyuma yake mlango ulifungwa, na komeo likapita. Bado palikuwa na jua. Alipitia dukani, akanunua chumvi, akaenda nyumbani kuwasha jiko.